Majani tele, chini hakuna kitu: jinsi ya kuisoma karoti iliyogoma kukua

Picha ninazotumiwa na watu wenye bustani za nyumbani hufanana sana. Mkono umeshika karoti, majani yamenawiri hadi raha, na chini yake kumening'inia kitu chembamba kama kalamu. Au kitu chenye miguu mitatu. Swali nalo ni lilelile: "Mtaalamu, niweke mbolea gani?"

Jibu langu huwaudhi wengi: usiweke yoyote kwanza. Ng'oa karoti tatu, moja kila mwisho wa tuta na moja katikati. Zioshe taratibu, usizisugue, ili vijizizi vyembamba vya pembeni visikatike, kisha zilaze kwenye kitambaa cheupe. Nimefanya kazi ya mboga miaka mingi na bado naanzia hapo, kwa sababu karoti hutunza kumbukumbu ya kila baya lililoipata, na kila baya lina mahali pake pa kuonekana.

Inabidi ujue kwanza inavyokua. Mbegu ikishaota, juu unaona vijani viwili tu, vyembamba kiasi kwamba mgeni anaweza kuving'oa akidhani ni nyasi. Unaona kama haifanyi lolote. Kumbe chini mzizi mkuu unakimbia. Katika wiki tatu nne za mwanzo, ukiwa bado kama uzi, unaweza kushuka sentimita 20 na zaidi usipokutana na kizuizi. Urefu na umbo la karoti utakayovuna huamuliwa wakati huo. Miezi inayofuata ni ya kunenepa tu. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Karoti nayo ina mwezi wake mmoja wa kukunjwa, na watu wengi huanza kuihangaikia mwezi wa tatu.

Kwa hiyo ukiitazama ile karoti kwenye kitambaa, jiulize kwanza: tatizo liko kwenye umbo, au kwenye unene?

Tuanze na umbo, maana hapo ndipo kuna mambo. Karoti hupata miguu pale ncha ya mzizi mkuu inapokufa au kuzuiwa. Ncha ikishakwama, mizizi miwili mitatu ya pembeni huchukua nafasi yake na yote hunenepa. Kilichoizuia utakijua kwa kulinganisha zile tatu. Zikiwa zimegawanyika kila moja kwa kina chake, moja juu, nyingine chini kabisa, basi ni kokoto, mabonge, vipande vya mizizi ya zamani au samadi isiyooza vizuri. Lakini zikiwa zote zimekomea kina kimoja, hapo una sakafu ngumu chini ya tuta.

Niliwahi kuitwa kwenye bustani ambayo karoti zote zilikuwa na urefu wa sentimita 12 hivi, butu chini kana kwamba zimekatwa kwa kisu. Mwenye bustani alikuwa ameshabadilisha mbegu mara mbili. Nikachukua kipande cha nondo nyembamba, nikakisukuma kwenye tuta kwa mkono. Kikazama vizuri, kisha kikagota. Nikasogea hatua moja, kikagota palepale. Sentimita 12. Jembe lake lilikuwa likifika hapo na si zaidi, msimu baada ya msimu, na udongo wa chini yake ulikuwa umeshindiliwa hadi ukawa kama sakafu ya nyumba. Pima tuta lako hivyohivyo, udongo ukiwa na unyevu wa kawaida. Udongo mkavu utakudanganya. Unachotafuta ni sentimita 25 hadi 30 za udongo uliolegea. Kama huwezi kuchimba kiasi hicho, inua tuta, au panda aina fupi. Chantenay ni nene na fupi, na huvumilia udongo mzito. Imperator ni ndefu, na ukiipanda kwenye mfinyanzi unajitafutia lawama.

Samadi mbichi naitaja peke yake kwa sababu ndiyo kosa la watu wenye bidii. Unaona tuta limechoka, unamwaga samadi ya wiki jana, unapanda. Karoti zitatoka na miguu, na zitajaa vijizizi kama ndevu. Samadi weka kwenye zao linalotangulia, kabichi kwa mfano, halafu karoti zije kula mabaki. Ukitaka kuongeza kitu wakati wa kupanda, weka mboji iliyoiva hadi huwezi kutambua ilitokana na nini.

Kuna na kosa la huruma, ambalo nimelifanya mwenyewe. Nilipunguza miche, nikaona uchungu kuitupa, nikaihamishia kwenye tuta jirani. Ilishika vizuri, majani yakapendeza. Siku ya kuvuna sikupata hata moja iliyonyooka. Mche wa karoti ukiung'oa, ncha ya mzizi hukatika au hupinda, na mchezo umeishia hapo. Karoti hupandwa pale itakapovunwa.

Kabla hujaacha habari ya umbo, vitazame vile vijizizi vya pembeni. Vipitishe katikati ya vidole. Ukihisi vifundo vidogo kama shanga, hao ni minyoo fundo, viumbe wa kwenye udongo ambao huwezi kuwaona kwa macho. Nao huleta miguu, tena pamoja na kudumaa. Hapo mbolea haisaidii. Wala usihamishie bamia au nyanya kwenye tuta hilo, maana utakuwa umewaandalia karamu. Kilichonisaidia ni kulipumzisha tuta dhidi ya mazao wanayoyapenda, kuongeza mboji kwa wingi, na kuosha jembe kabla ya kuhamia tuta lingine.

Sasa unene. Karoti iliyonyooka vizuri lakini nyembamba, nikiwa sijaiona bustani, nitasema msongamano, na mara nyingi sitakosea. Gramu moja ya mbegu za karoti ina mbegu mia kadhaa. Ukizichota kwa vidole na kuzimwaga kwenye mfereji, tayari umejaza. Changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, zitatawanyika. Hata hivyo bado utalazimika kupunguza, na hapa ndipo watu wanaponikimbia. Punguza mara ya kwanza miche ikiwa na majani halisi mawili au matatu, yaani yale yanayofuata vile vijani viwili vya mwanzo, uache sentimita mbili tatu kati ya mche na mche. Rudia baada ya wiki mbili tatu hadi nafasi ifike sentimita 5 au 7. Mwagilia kwanza, na badala ya kung'oa, kata kwa mkasi usawa wa udongo ili usitikise jirani. Asiyeamini apunguze nusu ya mstari na aache nusu nyingine ilivyo. Mimi huwaambia wafanye hivyo hasa, kwa sababu mstari huo mmoja hufundisha kuliko maneno yangu yote.

Nafasi ikiwa sawa, tazama juu. Majani marefu, ya kijani kibichi sana, yaliyolala, juu ya karoti nyembamba: hiyo ni naitrojeni iliyozidi. Mara nyingi ni urea au mbolea ya kuku. Mmea umeambiwa ufanye majani, umetii. Acha kabisa kuongeza. Majani yakiwa marefu lakini membamba na yaliyofifia, hesabu saa za jua. Chini ya saa sita karoti itabaki ikitafuta mwanga tu. Na magugu nayo ni kivuli, tena kivuli kinachokunywa maji. Majani ya karoti hayafuniki ardhi, hivyo haiwezi kujipigania. Mwezi wa kwanza palilia kwa mkono, juujuu.

Joto nalo lina sehemu yake. Mzizi hupenda nyuzijoto 15 hadi 21 hivi. Kukiwa na joto kali kwa muda mrefu, karoti hutoka fupi, rangi yake ya chungwa hupauka, na ladha hukaribia uchungu. Matandazo membamba ya nyasi kavu hupunguza joto la udongo, ingawa hayafanyi miujiza.

Kupasuka ni habari ya mwishoni: udongo ulikauka, kisha maji mengi yakaja kwa mkupuo, ndani pakavimba kuliko nje. Mabega ya kijani ni jua lililopiga sehemu iliyochomoza. Funika kwa udongo, basi.

Na kama hazikuota kabisa, au zimeota viraka viraka, hiyo ni kesi tofauti. Mbegu hukaa karibu na uso, nusu sentimita hadi moja, na huchukua wiki moja hadi tatu kutokeza. Uso wa udongo ukikauka siku moja tu katikati ya safari hiyo, zilizokuwa zimeanza kuota hufa. Uso ukishikana na kuwa gamba, haziwezi kulipasua. Funika kwa gunia lenye unyevu, na kuanzia siku ya tano lifunue kila asubuhi uchungulie. Ukiona kijani cha kwanza, liondoe siku hiyohiyo. Mbegu za pakiti iliyofunguliwa miaka minne iliyopita usizihangaikie.

Kuna pia wasio na tatizo lolote ila haraka. Pakiti imesema siku 75, siku ya 76 wanang'oa. Siku hizo zimehesabiwa kwenye hali nzuri ya udongo, jua na joto. Kwako zinaweza kuwa 100. Fukua udongo kidogo kwa kidole shingoni mwa karoti uone upana wake, kisha rudishia.

Utauliza kama tuta ulilonalo sasa linaweza kuokolewa. Zilizosongamana zikiwa bado changa, zinaokoka: punguza leo. Zilizozidiwa na naitrojeni hunenepa kwa kuchelewa ukizipa muda. Zenye miguu hazitanyooka kamwe, hata uzimwagilie nini. Zile tatu ulizoziweka kwenye kitambaa usizitupe lakini, ladha yake ni ileile. Kazi ni kuzimenya.