Delamere si jina la ukoo

Wiki jana nilisimama na wageni wangu kwenye kilima kimoja juu ya Ziwa Elmenteita. Kijana aliyekuwa akituongoza akanyoosha mkono kuelekea mbuga za Soysambu, akasema: "Kule kote ni kwa ukoo wa Delamere. Mzee wao wa kwanza kuja Kenya aliitwa Hugh Delamere." Kijana huyo ni hodari, ndege wa ziwa lile anawajua mmoja mmoja kwa mlio, na sikutaka kumkatiza mbele ya watu. Lakini kauli hiyo nimeisikia mno. Nimeisoma kwenye insha za wanafunzi, nimeisikia redioni, na mwezi uliopita niliambiwa na mwalimu wa historia kwamba "Delamere" ni jina la ukoo kama lilivyo Smith. Sasa naomba niliseme kwa kituo.

Mtu huyo, mlowezi wa Kiingereza wa enzi za ukoloni, aliitwa Hugh Cholmondeley. Delamere ni cheo.

Jina la ukoo, kama Waingereza wanavyolielewa, ni jina ambalo watoto wote wa nyumba moja hulipata kwa kuzaliwa, kwa kawaida kutoka kwa baba, nao huwapa watoto wao vilevile lilivyo. Kamusi zetu zina neno zuri la karibu, ubini, lililotokana na "bin". Lakini bin hubadilika kila kizazi: Ali bin Salim akizaa, mwanawe ni Juma bin Ali, na Salim amekwisha kuondoka kwenye jina. Jina la ukoo la Kiingereza halibadiliki namna hiyo. Linasimama pale pale, watu wakipita chini yake.

Tuanze basi na hilo Cholmondeley, kwa sababu ndilo lenye hadithi, na ndilo watu wanalolikwepa kwa kuwa linawashinda kulisoma.

Katika kaunti ya Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Malpas, kuna kijiji kiitwacho Cholmondeley. Kijiji ndicho kilichotangulia, jina la watu likafuata. Katika daftari kubwa la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, yule Mnormani aliyeiteka Uingereza miaka 20 kabla, kijiji kimeandikwa Calmundelei. Ukilipasua jina hilo unapata vipande viwili vya Kiingereza cha kale. Cha kwanza ni jina la mtu, Ceolmund. Cha pili ni "leah", mahali palipofyekwa katikati ya msitu ili watu walime au wachunge. Kwa hiyo ni "mahali alipofyeka Ceolmund" au "uwanda wa Ceolmund msituni". Huyo Ceolmund mwenyewe hatumjui zaidi ya hapo. Hakuacha kitu ila shoka lake limebaki kwenye jina.

Na Ceolmund nalo lina vipande viwili: "ceol", chombo cha baharini, na "mund", ulinzi. Msikimbilie kulitafsiri kuwa "mlinzi wa jahazi", maana Waingereza wa zamani waliunganisha vipande vya majina kwa kupenda sauti na heshima ya jamaa, si lazima kwa kutunga sentensi. Wapo waandishi wanaofurahia kufumbua kila jina kana kwamba ni kitendawili. Hili si la namna hiyo.

Lile "leah" ndilo lililogeuka kuwa "-ley" mwishoni mwa majina mengi ambayo leo tumewapa watoto wetu bila kujua. Ashley ni mahali palipofyekwa penye miti aina ya ash. Bradley ni uwanda mpana uliofyekwa. Stanley ni uwanda wa mawe. Ingia darasa lolote la Nakuru uite majina, utaona vijiji vingapi vya Uingereza vimekaa kwenye madawati. Yote hayo yalikuwa majina ya mahali kwanza, yakawa majina ya koo, ndipo yakaja kuwa majina ya kuitia watoto.

Wanormani walipogawiwa ardhi, mtu alitambulishwa kwa shamba lake: Robert de fulani, William de fulani. Hapa napo pana kosa dogo la kuondoa. Hiyo "de" hutafsiriwa "wa", na msomaji wa Kenya akiiona hufikiri ni kama "wa" ya Kamau wa Njoroge. Sivyo. Njoroge ni mzazi, ni mtu. Robert de Cholmondeley ni Robert wa mahali. Ndugu yake aliyepewa kijiji kingine aliitwa kwa kijiji kile kingine, wala hakuna aliyeona ajabu. Baadaye, kufikia mwaka 1400 hivi, majina haya yalikuwa yameganda kwa familia nyingi za Uingereza. Mtu akawa Cholmondeley hata kama hajawahi kukanyaga kijiji chenyewe.

Kuhusu matamshi: Cholmondeley hutamkwa Chamli. Ndiyo, herufi zote hizo, na mdomoni ni Chamli tu. Anayeona huo ni upuuzi wa Waingereza akumbuke kwamba sisi wenyewe hatusemi "mwana wangu", tunasema mwanangu, wala "baba yake" tukiwa na haraka, tunasema babake. Ulimi hupunguza kile unachokitaja kila siku. Tofauti ni kwamba sisi tuliandika baada ya kupunguza, wao waliandika kabla, kisha wakaacha maandishi yalivyo. Mpenzi wa mpira anayeona Leicester na kusema Lesta ameshalifanya jambo hilo hilo bila kufundishwa.

Lakini si wote walioacha maandishi yalivyo. Tawi lililokaa Whitby, Yorkshire, liliandika Cholmley. Karibu na hivyo aliandika Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha shule ya Highgate huko London mwaka 1565. Wengine waliandika kwa kufuata sikio, wakawa Chumley, na kwa namna hiyo jina limevuka hadi Marekani. Mtu wa Chumley huko ng'ambo anaweza kuishi na kufa asijue kwamba jina lake ni lile lile la kijiji cha Cheshire.

Wenye kuliandika kwa urefu wake wote ni wachache, na uchache huo una sababu. Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lilizaliwa mahali elfu kwa wakati mmoja. Cholmondeley limetoka katika kijiji kimoja, kwa familia moja yenye ardhi. Ukilitafuta leo, utaanzia Cheshire, ilipo Cholmondeley Castle. Utakwenda Norfolk mashariki, kwenye jumba la Houghton, ambalo familia ililipata mwaka 1797 kwa njia ya ndoa ya zamani na binti wa Sir Robert Walpole, yule anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Na halafu, mbali na huko kote, utalikuta Bonde la Ufa, kati ya Naivasha na Nakuru.

Sasa Delamere. Hili nalo linatokana na mahali, msitu wa Delamere, Cheshire hiyo hiyo. Ni mabaki ya pori kubwa la kale lililoitwa Mara (msilichanganye na Mara ya Wamaasai, hilo ni neno la Kimaa na halina udugu nalo). "Mere" katika Kiingereza cha kale ni ziwa, na Delamere kwa lugha ya Wanormani ni "wa ziwani". Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley, wa tawi dogo la familia lililokaa Vale Royal, alipopewa cheo cha baroni, alihitaji jina la cheo. Jina la Cholmondeley lilikuwa tayari limechukuliwa na tawi kubwa: mkuu wao alikuwa Marquess wa Cholmondeley, cheo kilicho juu ya baroni. Thomas akachukua jina la msitu, akawa Baron Delamere.

Na hapa ndipo penye ushahidi ambao ningependa mwalimu yule ausome mara mbili. Cheo cha Delamere kiliwahi kushikwa na watu wengine kabisa. Mwaka 1661 alipewa George Booth, wa Dunham Massey, bwana mwingine wa Cheshire ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameongoza maasi ya kumrudisha mfalme. Akina Booth walikuwa na cheo hicho, wakiandika Delamer bila e ya mwisho, mpaka mwaka 1770 walipokosa mrithi wa kiume kikafa. Je, tuseme akina Booth na akina Cholmondeley ni ukoo mmoja kwa kuwa wote waliitwa Lord Delamere? Cheo ni kama kiti. Huyu akiondoka, mwingine hukikalia.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama urithi. Jina la ukoo hupewa watoto wote, siku wanayozaliwa. Cheo humfikia mmoja tu, na mara nyingi mpaka aliyekishika afariki. Hugh Cholmondeley alizaliwa mwaka 1870, na kwa miaka 17 hakuwa Lord Delamere, kwa sababu Lord Delamere alikuwa baba yake. Baba akafa mwaka 1887, ndipo kijana akawa wa tatu kukishika cheo. Jina lake la ukoo halikuguswa siku ile. Alipofika nyanda za juu za Kenya, akalima Njoro na baadaye akakaa Soysambu, alitia sahihi "Delamere" peke yake, kama ilivyo desturi ya watu wa vyeo, na nadhani hapo ndipo kosa letu lilipopata mizizi. Barabara ya Nairobi ikaitwa Delamere Avenue, leo Kenyatta Avenue. Sanamu yake ikasimama hapo hadi uhuru, kisha ikapelekwa Soysambu. Cholmondeley halikuandikwa mahali ambapo mpita njia angeliona.

Walowezi wengine walituchanganya vivyo hivyo. Mke wa kwanza wa Delamere alikuwa Florence Cole, na kaka zake wawili, Galbraith na Berkeley Cole, walikuwa walowezi hapa hapa Kenya. Baba yao alikuwa Earl wa Enniskillen: watoto ni Cole, cheo ni Enniskillen. Na yule Lord Erroll aliyeuawa nje kidogo ya Nairobi mwaka 1941, kesi ambayo bado inasimuliwa, aliitwa Josslyn Hay. Kumwita "Bwana Erroll wa ukoo wa Erroll" ni kosa lile lile.

Kuna upande wa pili, na huu hunisumbua zaidi kwa sababu hata wanaojua habari za vyeo huukosea. Jina la ukoo si damu. Karibu na kijiji cha Cholmondeley kipo kijiji kingine, Egerton. Kwa nasaba zilizohifadhiwa Cheshire, akina Egerton na akina Cholmondeley wametoka katika familia moja ya mabwana wa Malpas. Watoto waligawana vijiji na majina yakagawanyika. Damu moja, majina mawili. Sasa tazama kinyume chake. Maurice Egerton, Lord Egerton wa Tatton, aliyeanzisha shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, alikuwa Egerton kupitia mwanamke. Bibi yao wa karne ya 18, Hester Egerton, aliolewa na mtu wa ukoo wa Tatton, na mwana wao, William Tatton, aliporithi mali ya mama akabadili jina akawa Egerton. Kwa kufuata wanaume, Lord Egerton wetu alikuwa Mtatton. Na vijiji viwili jirani vya Cheshire vikaja kuachia majina yao watu waliolima Njoro ile ile, huku wanafunzi wa chuo wakipita getini kila siku bila kuambiwa.

Ndiyo maana nina wasiwasi pia na fomu zetu zinazouliza "jina la ukoo". Mchaga anayeandika Massawe au Kimaro anajibu swali lilivyoulizwa, maana hayo ni majina ya koo kweli. Mkikuyu anayeandika Kamau anajibu kwa jina la baba, au la babu. Ukoo wake ni mwingine, pengine Anjirũ au Ambũi, na hauko kwenye kitambulisho. Mwenye fomu hujaza asichoulizwa, na karani huandika asichojibiwa.

Kijana wa Elmenteita, kama haya yatakufikia: hukukosea sana, mwanangu, na habari zako za ndege ziache zilivyo. Ukiwapeleka wageni tena pale kilimani, waambie kule chini alizikwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, mwaka 1931. Ukifika kwenye jina la ukoo, usiliogope. Sema Chamli. Na kama mgeni atauliza Delamere ni nini, mwonyeshe ziwa, umwambie hilo neno lina maana ya "wa ziwani".