"Wakikata tutapanda": dhana potofu kuhusu msitu na mto wetu huku Kigoma

Jamani, juzi nimeisikia tena. Mkutano wa kijiji huku bonde la Luiche, tunajadili wapasuaji walioingia msitu wa juu na chenso, anasimama mzee mmoja anayeheshimika anasema "bwana misitu usitutishe, wakikata tutapanda, mbona miche inatolewa bure", mkutano mzima unapiga makofi, hoja imeisha, tunahamia ajenda ya choo cha shule. Maneno hayo hayo nimeyasikia Kasulu, nimeyasikia Uvinza, nimeyasikia kwa wakulima wa tumbaku Urambo na Kaliua, na kwa viongozi wenye vyeo ambao walitakiwa wajue. Nimechoka kuyajibu kwenye dakika tano za mwisho wa mkutano, kwahiyo leo nayajibu kwa urefu, na dhana zingine nitazigusa kwa kifupi.

Dhana: wakikata tutapanda na mto utarudi

Ukweli ni kwamba kinachotunza mto wakati wa kiangazi ni udongo wa msitu, na udongo ule hauji na mche kwenye kiriba (kifuko cha kitaluni). Huku kwetu mvua inaanza Oktoba mwishoni au Novemba, inakwenda mpaka Aprili, miaka mingine inagusa Mei, baada ya hapo ni ukavu mtupu. Sasa jiulize, maji unayoyaona Luiche au Malagarasi mwezi wa tisa yanatoka wapi wakati hakuna tone lililodondoka miezi mitatu minne? Yanatoka chini ya ardhi. Ni mvua ya Januari na Februari iliyodondokea kwenye majani makavu chini ya mitundu na miyombo huko juu, ikazama taratibu kupitia vitundu vya mizizi iliyooza na njia za mchwa, ikatembea chini kwa chini wiki hata miezi mpaka ikatokea kwenye chanzo ambako mama zetu wanachota.

Ukishakata miti ukachoma na mabaki, ng'ombe wakapita, jua likapiga, udongo wa juu unajifunga na mvua ya nusu saa inateremka yote juu juu kama imemwagwa kwenye sakafu ya saruji. Hapo ndo mto unajaa ghafla, unakuwa mwekundu, unabeba kalvati na mpunga wa watu wa bondeni, alafu mwezi wa nane watu wale wale wanakuja kuniambia mto umekauka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mabadiliko ya tabianchi yapo, sikatai, ila kijiji kikifyeka kilima chake chenyewe kisitafute sababu mbali.

Na tope lile haliishii mtoni, linaingia ziwani. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki ambao hawapatikani kwingine popote duniani, na wengi wao wanaishi kwenye miamba ya pwani, wanakula ukoga wa kwenye mawe na kuzalia humo humo. Mawe yakifunikwa tope hawana chakula na hawana pa kuzalia. Wavuvi wa Kigoma wanaodhani msitu wa milimani hauwahusu naomba walifikirie hilo.

Kuna wanaonigeuzia hoja, wanasema miti ndo inakunywa maji, na kwamba mwaka waliofyeka waliona mto umejaa kuliko zamani. Hii ina nusu ya ukweli ndo maana haitoki vichwani mwa watu. Mti kweli unavuta maji na kuyatoa hewani kupitia majani, na vipimo vya sehemu nyingi duniani vinaonyesha msitu ukifyekwa jumla ya maji yanayopita mtoni kwa mwaka inaweza kupanda. Lakini hakuna mtu anayekunywa jumla ya mwaka! Watu wanakunywa maji ya Septemba, na yale ya ziada yanapita Januari usiku mmoja na kuondoka na udongo wako. Hata mradi wa umeme wa Malagarasi pale Igamba, ule wa megawati 49.5, hauhitaji mto unaofurika wiki mbili na kulala miezi minne, unahitaji mto unaotiririka.

Sasa tuje kwenye hicho kinachopandwa. Miche ya kampeni mara nyingi ni mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na picha zinapendeza. Unakata mninga, mkurungu na mtundu huko juu, alafu unakuja kupanda mikaratusi kwenye chanzo cha maji, na unaita hiyo kulinda chanzo! Afrika Kusini walipima jambo hili kwa miaka mingi, kuna kijito sehemu inaitwa Mokobulaan, bonde lake walilipanda mikaratusi mwaka 1969, ulipofika mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ikaja kukatwa ikiwa na umri wa miaka 16, na hata baada ya kukatwa kijito kilichukua miaka mitano kurudi kutiririka mwaka mzima. Mkaratusi siuchukii, mkulima wa tumbaku apande mikaratusi yake shambani kwa ajili ya kuni za bani (banda la kukaushia tumbaku), apande mingi hata ekari nzima, kila mkaratusi unaoingia kwenye bani umeokoa mti wa msituni. Ila chanzoni hapana, na bondeni karibu na mto hapana.

Alafu kalenda. Kampeni nyingi zinakuja Machi kuzunguka Siku ya Misitu Duniani, tarehe 21 Machi. Kwa huku kwetu huo ni mwisho wa mvua, mche unapata wiki chache za unyevu kisha unaachwa peke yake na kiangazi chote, mbuzi na moto juu yake. Ukitaka kupanda panda Novemba au Desemba mvua zikishashika vizuri, na weka mtu wa kuulinda. Mche ambao hauna mwenye kuulinda usiupande kabisa, ni hela na jasho vinapotea.

Na hao wanaosema tutapanda mninga huo huo, ngoja niseme. Mche wa mninga una tabia ya kunyauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua ikija, unafanya hivyo mwaka baada ya mwaka wakati chini unajenga mzizi, inaweza kufika miaka kumi kabla haujasimama kuwa mti kweli. Kutoka hapo mpaka upate ubao wa kitanda unahesabu vizazi. Mitundu na miyombo nayo inaishi na uyoga wa chini ya ardhi unaoshikana na mizizi yake, na uyoga mwingi ule mnaookota msituni mvua zikianza unatokana na ushirikiano huo, ndo maana msitu ukiisha na uyoga nao unaadimika. Hivyo vyote havimo kwenye kiriba.

Kwahiyo tufanye nini? Hapa ndo naomba mnisikilize maana nimesema mpaka sauti imekauka: VISIKI. Miombo, yaani misitu yetu hii ya mitundu na miyombo, ina uwezo mkubwa wa kurudi yenyewe. Sehemu iliyokatwa lakini haijang'olewa visiki ina mizizi hai chini, imeshajipanga, inajua ardhi ile. Kazi yenu ni kuiacha. Msijenge tanuru la mkaa juu ya visiki, msivichome, baada ya mwaka mmoja au miwili punguzeni machipukizi yabaki mawili matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki, na zuieni mbuzi, ng'ombe na moto kwa miaka mitatu minne ya mwanzo. Gharama yake ni sheria ndogo na watu wa doria. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia, na pengine ndo maana haipewi uzito, haina picha ya kiongozi ameshika mche.

Na hili limeshafanyika, tena jirani kabisa. Shinyanga walianza na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986, ngitili, yaani maeneo yanayofungwa ili majani na miti vijirudie, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi, miaka ya 2000 mwanzoni zilishapita hekta 300,000, na sehemu kubwa ilikuwa ni kufunga maeneo yajirudie yenyewe. Wasukuma wa Nzega na Igunga wanaijua ngitili, ni jadi yao. Huku Kigoma mradi wa TACARE, wa Taasisi ya Jane Goodall, ulianza mwaka 1994 na vitalu vya miche, baadae nguvu ikaelekea kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi na misitu ya hifadhi ya vijiji, na vilima jirani na Gombe vilivyokuwa vipara vikaanza kurudisha miti kutoka kwenye visiki na mizizi. Walinzi wa msitu ni wanakijiji wenyewe, wanapita na simu wanaandika walichokiona.

Dhana: moto hauna shida, majani yataota

Majani yataota ndiyo, machipukizi je? Moto wa Mei au Juni majani yakiwa bado na ubichi unapita chini na kuzimika. Moto wa Septemba na Oktoba unaunguza kila kitu. Zambia kule Ndola waliweka majaribio kuanzia miaka ya 1930, eneo lililochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka miti mikubwa iliendelea kupungua, lililozuiwa moto likafunga likawa msitu. Kama lazima mchome, chomeni mapema, kwa kibali, na njia za kuzuia moto ziwe zimeshafyekwa.

Dhana: ukiacha mita 60 za mto umemaliza

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vya maji. Watu wanaisoma kinyume, kwamba kuanzia mita ya 61 ni ruksa fyeka utakavyo. Hizo mita 60 ni kingo tu. Maji ya mto yanaanzia kilimani kilomita kibao juu, na kwenye mbuga zile zinazotuamisha maji masika mkadhani ni ardhi isiyo na kazi. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania, na inapokea maji kutoka pande zote hizi, Kigoma mpaka Tabora kwa mto Ugalla. Hiyo huwezi kuilinda kwa kamba ya mita 60.

Dhana: wanaoharibu ni wafugaji, au wakimbizi

Kila kijiji kina wa kumsingizia. Ng'ombe wanaharibu vyanzo, na kambi zilikula kuni nyingi, yote ni kweli. Ila nenda kahesabu mashamba mapya yaliyofyekwa mwaka huu uone ya nani. Nenda kaangalie mabani ya tumbaku kuni zinatoka wapi, gunia la mkaa linalobebwa na bodaboda alfajiri amelichoma nani. Wengi ni sisi, na tusipoanzia hapo wafugaji nao hawatatusikiliza, na wana haki ya kutotusikiliza.

Dhana: msitu ni wa serikali, kijiji hakina mamlaka

Hii inanikera karibu sawa na ile ya kwanza maana ndo inayowapa wapasuaji njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji na kuusimamia chenyewe. Utaratibu upo: mpango wa matumizi ya ardhi, mkutano mkuu wa kijiji unakubali, kamati ya maliasili inachaguliwa na mkutano huo huo (sio kuteuliwa na mwenyekiti nyumbani kwake), mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapitishwa na kijiji kisha zinaidhinishwa na baraza la madiwani. Zikishaidhinishwa kijiji kinaweza kutoza faini na hela inaingia akaunti ya kijiji. Vijiji vingi vinakwama hapo kwenye sheria ndogo, zinakaa halmashauri miezi na hakuna anayezifuatilia. Zifuatilieni, mpelekeni mtu kila mwezi mpaka zitoke.

Dhana: wenye malori wana vibali, hatuwawezi

Kibali kinasomwa, ulizeni muoneshwe. Leseni ya uvunaji inasema aina ya miti, kiasi na msitu gani. Magogo halali yanagongwa nyundo yenye alama ya serikali, na mzigo unasafiri na TP (hati ya kusafirishia mazao ya misitu) yenye tarehe na njia yake. Mazao ya misitu hayaruhusiwi kusafirishwa usiku, kwahiyo fuso ikipita na mbao saa tano usiku hapo huna haja ya kubishana ni halali au sio halali. Msiizuie kwa mapanga, watu wataumia na kesi itawageukia nyie. Andikeni tarehe, saa, namba ya gari, aina ya mbao, imetokea wapi na imeelekea wapi, piga picha kama kuna mwanga, taarifa iende kwa mtendaji, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wilaya na polisi asubuhi hiyo hiyo, na kama ni eneo la chanzo nakala iende Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi yao ipo hapa Kigoma mjini. Ukienda kusema tu "kuna lori linapita usiku" utaambiwa watafuatilia na hapo ndo mwisho wake. Kitabu cha matukio kikae kwa katibu wa kamati, na nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine, maana nimeona kijiji kimepoteza ushahidi wa msimu mzima kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja.