Anayetoka kwenye kikundi cha dini anahitaji ndugu kabla ya mjadala wa Biblia

Kila nikizungumzia vikundi vya dini vinavyomtenga mtu na ndugu zake kwenye mikutano ya kata, kuna atakayeitaja Shakahola. Hakosei. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, Kenya, na habari ile haisahauliki upesi. Ubaya wake ni kwamba imetuzoesha kungoja msitu. Familia ninazozisemea hapa hazikuhamia porini. Ziko vijijini kwetu, Mtwara na Lindi, zinapalilia mikorosho, zinakwenda ibadani zimenyoosha nguo, na jirani akiulizwa atasema ni watu wapole mno. Ndani kuna mke asiyeruhusiwa kuwa na simu, na binti wa miaka 14 aliyeachishwa shule kwa sababu baba ameambiwa elimu ya dunia itamharibu.

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi juu ya walokole kwa ujumla wao. Makanisa mengi ya kilokole mikoani kwetu yana waumini wanaosomesha mabinti, wanaokwenda hospitali, wanaogombana na mchungaji na kuhamia kanisa la mtaa wa pili bila kudaiwa chochote. Mtu akivaa gauni refu na kukesha kwenye maombi kwa hiari yake, ofisi ya ustawi wa jamii haina la kumuuliza. Tunachokitazama ni vikundi ambamo mwanamume mmoja hahojiwi, mume ni sauti yake ndani ya nyumba, na anayetaka kuondoka anapoteza watu wote anaowajua kwa siku moja.

Mafundisho ya aina hiyo yana historia. Ukristo wa msimamo mkali, kwa maana inayotumiwa na wasomi, ulipata jina lake Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na vijitabu vilivyochapishwa kati ya 1910 na 1915 kutetea misingi ya imani. Wengi wa waliovisoma hawakuwa na nia ya kumfungia mtu yeyote nyumbani. Ila baadaye tawi moja liliuweka utawala wa mume katikati ya kila kitu. Bill Gothard, aliyeanza huduma yake mwaka 1961, aliwafundisha watu wengi sana kwamba ulinzi wa Mungu hushuka kama miavuli iliyopangwa: Kristo juu, mume chini yake, mke chini ya mume, watoto chini ya wote. Ukitoka chini ya mwavuli wako, Shetani anakupata. Wenzake wa mrengo huo waliichukua Zaburi ya 127, penye mishale na podo, wakaifanya amri ya kuzaa bila kupanga. Gothard alijiuzulu mwaka 2014 baada ya wanawake wengi kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kijinsia. Yeye alikana kumgusa yeyote kwa nia ya ngono.

Huku kwetu huwezi kusikia jina la Gothard. Utasikia kwamba mume ni kichwa, kwamba mwanamke mpumbavu huibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, kwamba mke anayeuliza ana roho ya Yezebeli, na kwamba nje ya kikundi wote ni watu wa mataifa. Waefeso sura ya 5 itasomwa kuanzia mstari wa 22. Mstari wa 21, unaowaambia wote wanyenyekeane, unarukwa, na ule wa 25 unaomtaka mume ajitoe kwa ajili ya mkewe husomwa haraka haraka, kama haukusomwa.

Kuna jambo ambalo wataalamu wanaokuja kutoka mikoa mingine hulikosa, na kwangu ndilo kiini cha suala zima. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ni watu waliohesabu ukoo kwa mama. Mume ndiye aliyehamia kwa kina mke. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake, kuanzia jando na unyago hadi mahari na kesi, alikuwa mjomba. Desturi hiyo imelegea sana, lakini haijafa. Hata leo mwanamke wa kusini akipigwa, swali la kwanza kijijini ni: kaka zake wanasemaje? Kwa hiyo mhubiri anayetaka utii kamili wa mke kwa mume anakutana na kikwazo ambacho hakipo penye ukoo wa baba. Ni lazima amwondoe mjomba kwanza.

Na humwondoa kwa hatua. Huanza na ngoma za unyago, ambazo ni rahisi kuzishambulia, kwa kuwa hata sisi wengine tuna maneno nazo. Kisha inakuja misiba: msikae matanga na watu wa mataifa, msile chakula cha arobaini. Familia zetu zimechanganyika, mjomba Mwislamu na mpwa Mkristo ni jambo la kawaida kabisa, hivyo sababu ya kutokwenda haikosekani. Mwisho simu ya mjomba haipokewi, na akija mwenyewe anakutana na mume mlangoni. Hapo mke amebaki na mume na mchungaji tu, na hao wawili wana neno moja.

Waanglikana wa Masasi, waliofika na misheni yao mwaka 1876, walikutana na jando lile lile. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, aliamua kulifanya la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Unaweza kumlaumu kwa mengi, na wanahistoria wamemlaumu, lakini kijana aliyepita katika jando lile alirudi kwao, kwa wajomba wale wale.

Tazama sasa msimu wa korosho. Asubuhi mwanamke yuko chini ya mkorosho, ameinama, anaokota, anatenganisha korosho na bibo, anaanika, anachambua, anajaza gunia. Gunia likifika chama cha msingi linapimwa kwa jina la mume. Usajili wa mkulima ni wa mume, stakabadhi ni ya mume, na baada ya mnada fedha zinaingia kwenye akaunti ya mume. Hilo peke yake halina dini, nyumba nyingi za kusini ziko hivyo. Tofauti inakuja baadaye. Katika nyumba ya kawaida mke atanuna, atakwenda kwa kaka yake, kikao kitakaa, na mume atatoa hela ya sare za shule huku akinung'unika. Katika nyumba ninayoisema, kuuliza tu hela ilikwenda wapi ni uasi. Fungu la kumi limeshatoka, sadaka ya mbegu imeshapandwa, na anayehoji anamgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Kaka wa kumwendea hayupo tena, alishafungiwa mlango.

Wengine hutoka. Mara nyingi ni kwa ajili ya mtoto: mtoto aliyeugua akaombewa bila kupelekwa zahanati, au binti aliyeanza kutafutiwa mume miongoni mwa wazee wa kanisa. Ndugu hudhani akishavuka kizingiti atafurahi. Wiki za mwanzo huwa ni hofu tupu. Radi ikipiga anajua ni kwa ajili yake. Mtoto akipata homa anasikia maneno ya mchungaji kwamba atakayeondoka atazika. Akiulizwa ale nini, avae nini, anakutazama, kwa sababu miaka yote hiyo kuchagua kulikuwa dhambi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marlene Winell, alipendekeza mwaka 2011 kwamba hali hii ipewe jina lake yenyewe kama jeraha la kidini. Haimo katika orodha rasmi za magonjwa ya akili, na sioni haja ya kubishana juu ya jina. Dalili zake ni zile tunazozijua kwa waliopita kwenye ukatili wa muda mrefu: kukosa usingizi, kushtuka, kujilaumu, wakati mwingine kutamani kufa. Anayetamani kufa apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi.

Baada ya hofu huja kitu kinachowaudhi ndugu kuliko chote: anakumbuka. Anakumbuka kwaya, anakumbuka akina mama waliomletea uji alipojifungua, anaimba pambio zile zile akifua. Msimkaripie. Walikuwa watu wake, na mema waliyomtendea yalikuwa mema kweli. Kosa ninalolikuta zaidi ni la familia kumtwika mamlaka mengine mara tu anapoyakimbia ya kwanza: Jumapili ya kwanza wanamburuta kanisani kwao, au shangazi anamletea mganga amtoe walichomwekea, au kaka anamkalisha chini na Biblia kumwonyesha alivyodanganywa mstari kwa mstari. Mistari anaijua kuliko ninyi. Ibara ya 19 ya Katiba inampa uhuru wa dini anayoitaka na uhuru wa kuibadilisha. Inamlinda dhidi ya mchungaji wake, na inamlinda dhidi yenu pia. Anachohitaji ni chumba, chakula ambacho hakina masimango, na mtu wa kwenda naye ofisini.

Ofisini kuna mengi ya kufanya, na hapo ndipo mjomba anaporudi kuwa na kazi. Hati zikusanywe mapema ikiwezekana: kitambulisho cha taifa au namba yake, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki. Zikiwa zimefungiwa, picha kwenye simu ya dada zinasaidia. Wapo walioolewa kwa maombi ya mchungaji tu, bila cheti chochote, na wanaambiwa wakiondoka hawana haki. Si kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana kama mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana, hadi ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kutoa amri za matunzo kwake na kwa watoto.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kama adhabu, hata desturi iseme nini. Nasisitiza kwa sababu kipigo cha kumrudi mke kimepewa andiko katika baadhi ya nyumba hizi. Aliyepigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kuhusu mali, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 lilikubali kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika mali ya ndoa. Aliyepalilia mikorosho na kuokota msimu baada ya msimu ana hoja yenye nguvu zaidi. Akiomba talaka, mahakama kwa kawaida itataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yao, kwa hiyo awe macho asirudishwe mbele ya mchungaji yule yule. Aende kwenye baraza la kata. Msaada wa kisheria bila malipo upo chini ya sheria ya mwaka 2017, na ofisi ya halmashauri humwelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Wanaume nao hutoka, na habari zao huwa fupi kwa sababu hawaji ofisini. Mume aliyefundishwa kwamba aibu yote ya nyumba ni yake hajui kusema "sijui". Kijana aliyekulia humo huja mjini Mtwara au Lindi, anapata kibarua bandarini au sokoni, na kwa muda anaonja kila kilichokatazwa kwa pupa. Wajomba wampe kazi na wamsikilize, pombe wataiongelea baadaye.

Kama ndugu yenu bado yumo, msimtukane mchungaji wake. Kila tusi linathibitisha alichoambiwa kwamba dunia inawachukia. Mpelekeeni taarifa za misiba na harusi hata msipojibiwa. Mpelekeeni mtoto wake zawadi. Akipiga simu usiku baada ya miaka 3 ya kimya, asiulizwe alikuwa wapi.

Watoto wao wana sheria yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi atoe matibabu, chanjo na elimu, na hakuna msamaha kwa sababu ya imani. Binti anayesoma msingi au sekondari akiozeshwa, anayemwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya mwaka 2016. Namba 116 hupigwa bila malipo kutoa taarifa ya mtoto aliye hatarini. Katika mvutano wa nani akae na watoto, wa chini ya miaka 7 sheria inadhania ni vizuri wakae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Mume hawezi kuwachukua kwa kusema tu mama ameasi.

Binti wa miaka 14 aliyeachia darasa la sita aonane na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, pamoja na afisa elimu kata. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, upo kwa ajili ya watoto kama yeye. Aliyeacha sekondari ana njia kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mdogo wake ambaye hakuwahi kuchanjwa apelekwe zahanati, ambako wataangalia umri wake na kusema chanjo zipi bado zinafaa. Kadi ya kliniki ikiwa ilichanwa, itafunguliwa nyingine. Muuguzi hana sababu ya kuuliza mlikuwa mnasali wapi, na akiuliza si lazima ajibiwe.