Eti koksi hana kazi majira ya baridi

Kila mwaka, boti za makasia zikishapandishwa rafu, makoksi, wale wanaoshika usukani na kuwaongoza wapiga makasia, huniletea neno lile lile: "Kwa sasa sina kazi, naenda tu kuwashangilia." Wanalisema Novemba, Januari wamechoka, Februari hawaonekani tena. Boston mto Charles huganda. Uingereza Thames hufurika, vibao vyekundu vya kuonya mkondo mkali vikatundikwa kwenye malango ya maji, kikosi kikarudi ukumbini kwenye mashine za makasia. Wanaoumia zaidi ni wageni wa mchezo, wakiwemo vijana wetu waliotoka Mwanza au Mombasa kwenda kusoma huko wakakabidhiwa usukani kwa sababu ya miili yao midogo. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni, baridi inakata masikio, na ukifika ukumbini hujui umefuata nini.

Dhana: koksi hana kazi mpaka boti zirudi majini.

Hii ndiyo inayowamaliza makoksi, na si kweli hata kidogo. Majini umekaa kwenye tezi, uso kwa uso na mpiga makasia wa kwanza, na wengine saba wamejificha nyuma yake. Ukumbini unaweza kumzunguka kila mmoja wao kwa saa nzima huku akifanya tendo lile lile mara elfu moja na zaidi. Nafasi hiyo huipati tena mwaka mzima.

Chukua daftari, kila mtu umpe ukurasa wake. Siku ya zoezi refu, tuseme dakika 60 kwa mipigo 18 hadi 20 kwa dakika, simama ubavuni mwa mashine usawa wa mpini na umtazame dakika 2. Je, mgongo unafunguka kabla miguu haijaanza kusukuma? Viwiko vinakunjwa mapema? Anaporudi mbele, mikono inapita magoti kabla magoti hayajainuka, au mpini unapanda na kushuka kuyakwepa? Kisha hamia nyuma yake dakika 1 uone kama anaegemea upande. Andika dakika ya zoezi, mipigo, muda wa mita 500 na kosa moja tu. Rudi kwake dakika ya 40, maana kosa la uchovu ndilo litakalokuja kwenye mashindano.

Halafu jaribu maneno. Hapa ndipo penye mali. Ukurasa mzuri unasomeka hivi: "Namba 5, dakika ya 41, mipigo 20, 1:58. Mgongo unatangulia. Nikisema 'miguu kwanza' anarekebisha mipigo kumi kisha anasahau. Nikisema 'ning'inia kwenye mpini' anadumu dakika tatu." Aprili, zimebaki mita 800, utajua neno la kumpa namba 5, na koksi wa boti ya pili aliyekuwa akipiga makofi tu hatakuwa nalo.

Hesabu nazo ujifunze. Watu wawili wanavuta 1:55 kwa mita 500. Wote wanatoa wati 230 hivi, na ubaoni wanaonekana sawa. Lakini mmoja yuko mipigo 20, mwenzake 24. Zidisha wati kwa 60, gawanya kwa mipigo: wa kwanza anatoa jouli 690 kila mpigo, wa pili 575. Boti nzima ikipiga mipigo 20, yule wa pili ndiye anayeibakisha nyuma, na wa kuliona hilo kabla ya kocha ni wewe. Ukitaka sababu, fungua kwenye skrini ule mchoro wa nguvu: kilima kimoja laini ni dalili nzuri, vilima viwili maana yake miguu imemaliza kazi yake na mgongo ukaanza yake baadaye.

Koksi mwenye daftari la namna hii hahitaji kuhimizwa aje mazoezini. Jiwekee kazi moja ya wiki inayohesabika: wiki hii mwanzo wa mpigo kwa watu wanne wa mbele, wiki ijayo mikono kwa wanne wa nyuma. Ijumaa mpe kocha mistari mitano. Usimpe kurasa kumi, hatazisoma.

Dhana: basi kazi yenyewe ni kupiga kelele.

Siku ya jaribio la mita 2000, koksi anakimbia kutoka mashine hadi mashine akipiga mayowe dakika saba. Hapo hajamsaidia hata mmoja. Chagua mtu mmoja kwa kila zamu, na jana yake umuulize: unataka namba, ufundi, au ninyamaze? Wapo wanaotaka kimya, waheshimu. Usimsomee muda wake, anauona mwenyewe kwenye skrini. Mwambie asichokiona: mabega yamepanda, anarudi mbele kwa pupa, miguu haimalizi. Maneno yako mengi yaweke mita 500 za tatu, kati ya 1000 na 1500, maana mwanzo una msisimko wake na mwisho una harufu ya kumaliza; pale katikati ndipo watu huachia.

Dhana: kuandaa mashine ni kazi ya kijakazi.

Ni kazi ya ufundi. Ule wenzo wa pembeni wenye namba 1 hadi 10 unadanganya: mashine mbili zikiwekwa namba 4, moja ikiwa imejaa vumbi kwenye wavu wa gurudumu, zinatoa upinzani tofauti. Fungua kipimo cha upinzani kwenye menyu, vuta mipigo kadhaa, usome. Vikosi vingi huwa kati ya 110 na 130. Kocha akishataja namba, hakikisha mashine zote zinaisoma. Futa reli ya kiti kila siku, paka mnyororo mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi. Usipofanya hivyo, matokeo ya jaribio ni uvumi.

Dhana: majira ya baridi ndiyo ya kupunguza uzito.

Hapana, na ninasema hapana kwa sauti. Kiwango cha chini cha koksi kwenye mashindano ya World Rowing, shirikisho la makasia la dunia, ni kilo 55, kwa wanaume na wanawake. Ukiwa pungufu unabebeshwa uzito wa kufidia. Kushuka hadi 51 kwa kujinyima chakula hakuipi boti faida yoyote, na kunakupeleka kwenye maji ya Februari ukiwa mtu wa kwanza kutetemeka, kwa sababu wenzako wanane wanajipasha moto kwa kazi na wewe umekaa.

Dhana: lazima uvute mashine kama wao ndipo wakuheshimu.

Fanya jaribio moja la mita 2000 kwa msimu ili ujue kinachouma na kinaanzia wapi. Inatosha. Saa utakayoitumia kuvuta kila siku umeiiba kwenye daftari.

Dhana: uongozaji haufundishiki bila maji.

Mkono, kweli, unataka maji. Kichwa hakitaki. Chukua rekodi ya sauti yako ya mashindano ya Oktoba, andika kila ulichosema na ukigawe mafungu matatu: taarifa, ufundi, hamasa. Wengi hukuta fungu la tatu limemeza mawili ya kwanza. Kisha chora njia kwa kumbukumbu. Head of the Charles, mashindano ya Oktoba kwenye mto Charles, ni kama kilomita 4.8, na koksi anapaswa kuitaja mifuatano ya madaraja usingizini: BU (Boston University), River Street, Western Avenue, Weeks, Anderson, Eliot. Kwa Weeks, andika unalenga nguzo ipi, unaanza kugeuza wapi, na upande upi wa boti utauomba uongeze nguvu kwenye kona ile ya kushoto. Usukani peke yake hautoshi pale, na kila unapoukaza unapunguza mwendo.

Wiki moja kabla ya kurudi majini, chaji kipaza sauti, kivae ukumbini, zungumza kwa sauti ya kawaida mdomo ukiwa karibu na maiki, na umtume mtu asikilize kwenye spika ya mwisho. Kagua pia jaketi la kuokolea. Kama utaongoza boti ya wanne, ile ambayo koksi hulala ndani ya omo, lisiwe la kujijaza lenyewe likigusa maji. Boti ikipinduka litajaa ukiwa bado ndani na kukubana usitoke. Chukua la kuvuta kamba kwa mkono.