Maana ya Majilio: Kungoja Kuja kwa Bwana, Si Kungoja Krismasi

Kila mwaka Novemba inapoelekea ukingoni, husikika katika jumuiya, katika mazoezi ya kwaya na wakati mwingine hata mimbarini, sentensi ileile: "Katika Majilio tunangoja kuzaliwa kwa Mtoto Yesu." Imerudiwa kwa miaka mingi hata wengi wanaichukua kuwa ndiyo maana kamili ya kipindi chenyewe. Wanaoisema wanaisema kwa moyo mwema, na kuna ukweli ndani yake. Lakini ni ukweli wa nusu, na ukiachwa peke yake unawanyima waamini tumaini ambalo kipindi hiki kiliwekwa ili kulilea.

Maana yake rasmi si ngumu. Majilio ni kipindi kinachofungua mwaka wa liturujia, yaani mwaka wa ibada za Kanisa, katika Kanisa Katoliki la mapokeo ya Kilatini, na pia katika Makanisa ya Kilutheri, ya Kianglikana na mengine yenye kalenda ya namna hiyo. Huanza kwa Masifu ya Jioni ya kwanza, yaani sala ya jioni ya mkesha, ya Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume, na hukoma kabla ya Masifu ya Jioni ya kwanza ya Noeli. Kina Dominika 4, ingawa si lazima kiwe na wiki 4 kamili: mwaka 2023 Dominika ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba, na kipindi kizima kikawa na siku 22 tu. Rangi yake ni zambarau, isipokuwa Dominika ya tatu ambapo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi kwa sababu ya mwaliko wa Mtume Paulo kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana siku zote." Hayo wengi wanayajua. Linalosahaulika ni kwamba kanuni za mwaka wa liturujia zilizotolewa mwaka 1969, wakati wa Papa Paulo VI, zinakipa kipindi hiki sura mbili. Kwanza, ni matayarisho ya sherehe ya Noeli, ambapo tunakumbuka kuja kwa kwanza kwa Mwana wa Mungu kati ya wanadamu. Pili, kwa njia ya kumbukumbu hiyohiyo, akili zetu zinaelekezwa kungojea kuja kwake kwa mara ya pili mwishoni mwa nyakati.

Tazama vitenzi. Kuja kwa kwanza tunakukumbuka. Kuja kwa pili tunakungoja. Hakuna mahali Kanisa linapowataka waamini wajifanye kana kwamba Yesu hajazaliwa bado, wakae gizani pamoja na watu wa Agano la Kale, kisha tarehe 25 Desemba washangae kuona amefika. Alizaliwa Bethlehemu mara moja, katika historia, na hatazaliwa tena. Kungoja jambo lililokwisha kutokea si kungoja bali ni kuigiza, na watoto wa katekisimu wanapofundishwa hivyo huhitimisha, kwa mantiki ya kweli kabisa, kwamba imani ni mchezo unaorudiwa kila Desemba.

Anayetilia shaka jambo hili na afungue Injili inayosomwa Dominika ya kwanza ya Majilio, maana hapo ndipo Kanisa linapotangaza nia yake. Masomo ya Dominika hupangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Katika mwaka A husomwa Mathayo 24, "Kesheni basi; kwa maana hamjui ni siku ipi atakayokuja Bwana wenu." Katika mwaka B ni Marko 13, mfano wa mtu aliyesafiri akamwachia bawabu amri ya kukesha. Katika mwaka C ni Luka 21, penye ishara katika jua na mwezi na nyota, na lile neno la kutia moyo: "Changamkeni, mkaviinue vichwa vyenu, kwa kuwa ukombozi wenu umekaribia." Katika masomo hayo matatu hakuna hori, hakuna wachungaji, wala hakuna hata Malaika Gabrieli, yupo Mwana wa Adamu ajaye katika utukufu. Tena hili si jambo lililobuniwa na marekebisho ya karne ya 20, kwa sababu Misale, yaani kitabu cha Misa, iliyotumika kabla ya hapo nayo iliweka Luka 21 katika Dominika hiyohiyo. Hata mshono unaounganisha mwaka unaokwisha na mwaka unaoanza unaonyesha hivyo: Dominika ya mwisho ya mwaka ni ya Kristo Mfalme, sherehe iliyoanzishwa na Papa Pio XI mwaka 1925 na kuhamishiwa hapo mwaka 1969, na juma linalofuata tunaingia Majilio tukiwa bado tunamtazama Mfalme yuleyule. Yohane Mbatizaji anaingia Dominika ya pili na ya tatu. Maria na Yosefu, ambao kwa hesabu ya watu wengi ndio wahusika wakuu wa Majilio yote, wanashika nafasi yao katika Injili za Dominika ya nne.

Mgawanyo huo unaonekana pia katika sala. Tangu mwanzo hadi tarehe 16 Desemba, Prefasio ya kwanza ya Majilio, yaani sala ya shukrani inayofungua Sala ya Ekaristi, inasema wazi kwamba Kristo alipokuja mara ya kwanza alijivika unyonge wa mwili wetu, na kwamba atakapokuja tena katika utukufu tutapokea yale ambayo sasa tunayatumaini tukiwa tunakesha. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 Desemba mkazo unageukia Bethlehemu, na Prefasio inabadilika. Siku hizo za mwisho zina utajiri wake, hasa zile antifona 7, yaani viitikio vifupi, zinazoimbwa kwenye Masifu ya Jioni kuanzia tarehe 17 hadi 23: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Kila moja inafikia kilio kilekile: njoo. Njoo utufundishe njia ya busara. Njoo umtoe mfungwa katika nyumba ya kifungo, aketiye gizani na katika uvuli wa mauti. Kwa hiyo hata katika siku ambazo Kanisa limekwisha kuligeukia pango, halimwimbii mtoto anayesubiriwa kuzaliwa. Linamwita Bwana ambaye linamjua, kwa majina ambayo manabii walimpa, aje amalize aliloanza.

Hata jina lenyewe linaelekea huko. Majilio ni tafsiri ya *adventus*, neno la Kilatini ambalo katika dola ya Kirumi lilitumika pia kwa ujio wa mtawala aingiapo mjini kwa heshima. Biblia ya Kilatini ilipotafsiri Mathayo 24, mahali tunaposoma "ndivyo kutakavyokuwa kuja kwake Mwana wa Adamu," iliweka neno hilohilo. Wakristo waliokiita kipindi hiki kwa jina hilo walikuwa wakisikia ndani yake ujio wa mwisho.

Mafundisho haya ni ya kale. Katika karne ya 4 Askofu Sirili wa Yerusalemu aliwafundisha wakatekumeni, yaani waliojiandaa kubatizwa, kwamba hatutangazi kuja kumoja tu kwa Kristo bali na kwa pili pia, kulio na utukufu zaidi kuliko kwa kwanza, na Kanisa limeweka katekesi hiyo katika Kipindi cha Masomo, sehemu ya sala rasmi ya kila siku, cha Dominika ya kwanza ya Majilio. Mmonaki Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa maana ya kiroho ya kipindi hiki. Alisema kwamba kuna kuja kwa tatu, kulio katikati ya kule kuwili, kusikoonekana kwa macho: Bwana anakuja ndani ya roho ya mtu anayelishika neno lake. Alijenga hoja yake juu ya Yohane 14, "Mtu akinipenda, atalishika neno langu, na Baba yangu atampenda, nasi tutakuja kwake, na kufanya makao kwake." Kuja huko kwa katikati, kwa maneno yake, ni kama njia inayotutoa katika kuja kwa kwanza na kutufikisha katika kuja kwa mwisho. Ndiyo maana Majilio yanaweza kuwa jambo la leo bila kuwa maigizo. Bwana alikuja, atakuja, na kati ya hayo mawili anabisha hodi sasa, katika dhamiri, katika Ekaristi, katika maskini aliye mlangoni.

Kutokana na kosa lile la kwanza, la kudhani kwamba tunangoja kuzaliwa kwa Yesu, huzaliwa la pili, nalo ni lile la kuyaita Majilio "Kwaresima ndogo" kwa sababu tu rangi ni ileile na wimbo wa Utukufu hauimbwi. Ni kweli kwamba zamani Majilio yalikuwa na mfungo mkali zaidi. Askofu Perpetuo wa Tours, aliyefariki karibu na mwaka 490, aliagiza watu wafunge siku 3 kwa juma tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Na Makanisa ya Kiorthodoksi hadi leo yanafunga siku 40 kabla ya Noeli, kuanzia tarehe 15 Novemba. Toba haijaondoka katika Majilio ya Kilatini pia, kwa kuwa Yohane Mbatizaji hawezi kusomwa pasipo toba. Lakini angalia Aleluya. Katika Kwaresima inanyamazishwa kabisa. Katika Majilio inaimbwa kila Dominika. Katika Kwaresima maua hayawekwi altareni, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Katika Majilio yanaruhusiwa kwa kiasi. Utukufu nao hauachwi kwa sababu ya maombolezo. Ni wimbo wa malaika wa usiku wa Bethlehemu, na Kanisa linauweka kando ili usiku wa Noeli usikike kama unavyostahili. Kanuni za mwaka 1969 zinakiita kipindi hiki wakati wa matarajio ya ibada na ya furaha. Anayeingia Majilio kwa uso wa Jumatano ya Majivu amekosea mlango.

Lipo pia swali la namna ya kungoja, maana kungoja kunaweza kuwa uvivu. Barua ya Yakobo, inayosomwa Dominika ya tatu ya mwaka A, inajibu kwa mfano ambao wakulima wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa: "Tazama, mkulima hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, huvumilia kwa ajili yake hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho." Majilio huangukia majira ya vuli katika sehemu zetu nyingi, na katika maeneo ya Dodoma ambako mvua ni za msimu mmoja, Desemba ndiyo hasa wakati wa kutazama mawingu. Mkulima huyo anayengoja hakukaa. Ameandaa shamba, amehifadhi mbegu, na hawezi kuiharakisha mvua wala kuiamuru. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba ikinyesha haimkuti amelala. Mtume anaendelea papo hapo: "Nanyi vumilieni, mthibitishe mioyo yenu, kwa maana kuja kwake Bwana kunakaribia." Hapo uvumilivu, kazi na tumaini vinakuwa kitu kimoja. Nina hakika kwamba wagonjwa wetu, wajane wetu na vijana wasio na ajira wanahitaji Majilio ya namna hii kuliko Majilio ya mapambo, kwa sababu wao wanajua kungoja ni nini, na hawafarijiki sana kuambiwa kwamba wanachongoja ni sikukuu iliyobakiza majuma 3. Wanahitaji kusikia kwamba hukumu ya haki ipo, kwamba machozi yatafutwa, na kwamba Hakimu ajaye ni yuleyule aliyelazwa horini.

Hapo ndipo Bethlehemu inapopata nafasi yake kamili, na sitaki mtu adhani ninaipunguza. Tunaikumbuka kwa sababu ndiyo dhamana yetu. Israeli waliahidiwa, wakangoja karne nyingi, na Mungu hakuwadanganya. Basi sisi tulioahidiwa kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu tunayo sababu ya kuamini.

Mengi ya kurekebisha ni madogo. Kwaya ikihifadhi nyimbo za Noeli hadi Misa ya mkesha, haitakosa la kuimba kwa majuma hayo, kwa sababu nyimbo za kumwita Bwana zipo. Pango linaweza kuandaliwa mapema, ila litulie hadi wakati wake. Anayewasha mshumaa wa kwanza wa taji la Majilio, desturi ambayo mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern aliianzishia watoto wa kituo chake huko Hamburg mwaka 1839, anaweza kusoma Injili ya Dominika ile badala ya kuhesabu siku zilizobaki kufika Krismasi. Na katekista anapoulizwa na watoto tunangoja nini, si lazima aitupe sentensi aliyoizoea. Aigeuze kidogo tu, awaambie kwamba tunakumbuka kuzaliwa kwa Yesu na tunangoja kuja kwake, kisha awaonyeshe kwamba wanalisema jambo hilohilo katika Misa, baada ya mageuzo ya mkate na divai, wanapoitikia: Kristo alikufa, Kristo alifufuka, Kristo atakuja tena.