Si lazima hamu itangulie

Wengi tumekua tukiamini kwamba hamu huja kwanza, kazi ndipo ifuate. Ndiyo maana aliyekwama huambiwa ajitie moyo, na asipoweza huitwa mvivu. Inauma, na si kweli.

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Mmarekani Peter Lewinsohn alieleza jinsi mtu aliyevunjika moyo anavyopunguza shughuli zake. Zikipungua, anakosa yale yanayompa raha au kumfanya ajione ameweza jambo, na hamu inazidi kushuka. Kusubiri kunaurefusha mzunguko huo. Njia ya kuukata ni kupanga tendo dogo, kuliwekea saa yake, na kulifanya hata kama moyo hautaki. Dogo kweli: sentensi moja kwenye daftari, au dakika 10 za kutembea. Hamu huenda isije siku hiyo, na hilo ni kawaida.

Mwaka 2016, utafiti wa Uingereza kwa watu wazima 440 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ulionyesha kuwa tiba ya aina hii haikuwa duni kuliko tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kubadili namna anavyofikiri na kutenda.

Hali ya kuvunjika moyo ikizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vikivurugika, tafadhali muone daktari.