Kioo cha mbele kilichopasuka bila jiwe

"Fundi, kioo kimepasuka chenyewe, hakijapigwa na kitu." Siku hizi naletewa kauli hiyo kuliko zamani, na mara nyingi mwenye gari anasema kweli. Ufa wa jiwe la lori una kishimo mahali ulipoanzia. Ufa ulioanzia ukingoni, chini ya raba, bila alama yoyote, mara nyingi ni wa kioo kilichobanwa tangu siku kilipofungwa.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki, PVB, wenye unene wa kama milimita 0.76. Kiwandani hupashwa moto vikapindwa vifuate umbo la gari, na hapo kwenye kupinda ndipo naona ubora umeshuka. Kabla ya kupaka gundi nakiweka kioo kikavu kwenye fremu nione kinavyolala. Kilichokuja na gari kutoka Japani kinatulia chenyewe pande zote. Hivi vya bei ya chini, ukibonyeza kona ya juu kushoto, ya chini kulia inanyanyuka, wakati mwingine ncha ya kidole inapita.

Fundi mwenye haraka anajaza gundi nyingi hapo, anapiga tepu, anakandamiza. Kinashika vizuri tu. Halafu gari linaanza kupanda matuta, linashinda juani hadi saa nane mchana, dereva anaingia na kufungulia AC mpaka mwisho, na ile kona iliyolazimishwa inaachia. Mwenye gari anamjia juu fundi. Muuza duka naye anasema kikishatoka dukani si chake tena.

Umbo likikosewa, macho nayo yanaumia. Kisimamishe kioo, kitazame kwa mshazari, mlalo uleule kitakaokuwa nao kwenye gari, kisha angalia nguzo ya umeme huku ukisogeza kichwa. Nguzo ikicheza kama nyoka, kiache hapohapo dukani. Usiku kioo cha namna hiyo kinaweza kukuonyesha taa ya bodaboda moja kama mbili, na dereva anakwenda kupima macho bure.

Kuna pia ule mpaka mweusi wa ukingoni, ambao wengi wanaudhani urembo. Kazi yake ni kuikinga gundi isiliwe na jua. Kwenye kioo kizuri rangi hiyo imechomwa pamoja na kioo, huitoi. Nimeshashika vioo ambavyo inakwanguka kwa kisu. Sasa gundi inashika rangi, na rangi haijashika kioo. Eabegi (mfuko wa hewa) ya abiria kwenye magari mengi hufumuka kwa kuegemea kioo cha mbele, kwa hiyo kioo kikitoka, nayo haina pa kuegemea. (Wanaofunga kwa silikoni ya madirisha ya nyumba sina la kuwaambia.)

Tusisingizie China kwa kila kitu. Kampuni ya Fuyao ni ya China na inauzia vioo kampuni kubwa za magari duniani. Wembamba peke yake nao si kosa: watengenezaji wenyewe wamepunguza unene ili gari liwe jepesi. Tatizo ni soko letu kuuliza bei kwanza, na mwagizaji anajua hivyo. Alama za pembeni zisome: E ndani ya duara pamoja na 43R ni kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa, CCC ni ya China. Ila alama inachapwa, na anayeweza kuchapa jina la Toyota hashindwi kuchapa E.

Kwa gari la zamani kama Toyota IST, mimi naona heri kioo cha mtumba kilichotolewa kwenye gari la Japani kuliko kipya cha bei ya kutupa. Mpindo wake ni wa kioo kilichokuja na gari. Pitisha kidole ukingoni taratibu uone kama hakikumegwa wakati wa kukatwa, na angalia kama plastiki haijaanza kuwa nyeupe pembeni. Kwa magari yenye kamera nyuma ya kioo, kama Subaru zenye EyeSight, ushauri huu haukuhusu. Kamera zile zinapima umbali kupitia kioo hichohicho, na kinapobadilishwa lazima zipangwe upya kwa mashine. Hapo tafuta kioo halisi cha gari lako, na uliza mapema nani ana mashine hiyo.

Ukiamua kununua mwenyewe, kilete kabla hujamaliza hesabu na muuzaji. Nitakijaribu kikavu mbele yako, na kikikataa kulala unakirudisha siku hiyohiyo. Kikishapakwa gundi, hakuna duka litakalokipokea.